Fahali Nyuma ya Kioo

Nyundo bado iko juu.

Tangu toleo la Jumamosi iliyopita, msomaji, Sunday ameishikilia hewani. Mbele yake ipo nguzo ya kati ya jengo la marehemu mzee Uledi, hapa Tunduma mjini, hatua chache kutoka mpakani. Na mbele ya nguzo, mgongo ukiwa umegandamana na plasta na khanga kaifunga kibwebwe, amesimama Naila binti Uledi.

"Awe, bamayo, hapana mama," alisema Sunday. Bwana huyu alivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kila asubuhi, na kila asubuhi alivuka na cheo kipya. Juzi alikuwa fundi, jana kontrakta, leo injinia. "Tokeni hapo. Mimi injinia, sipigi wanawake."

"Basi piga nguzo, injinia. Mimi nitakuwa katikati."

Mdogo wake Naila, Zahoro, alikuwa barabarani ndani ya suti ya kijivu, mwezi wa kumi na moja, jua la saa saba. Alikuwa amekaa Guangzhou wiki tatu. Wiki tatu tu, lakini ukimsikia utadhani alikatwa kitovu huko.

"Dada, unanitia aibu! Watu wanaangalia!"

"Waangalie. Si ndicho unachokitafuta?"

Simuni kwake Zahoro alibeba picha ya jengo moja la Wachina, vioo vya bluu kutoka chini hadi juu, na katikati mlango mpana wa kupita ng'ombe watatu. Katika picha ile hapakuwa na nguzo. Kwa hiyo, kwa akili ya Zahoro, na hapa isiwepo. Kama akili ingekuwa inauzwa kwa kupimwa pale sokoni, Naila angemnunulia mdogo wake japo robo kilo.

"Piga!" Zahoro alifoka.

"Ukiipiga hiyo," ilisema sauti kutoka juu ya jukwaa la miti, "ghorofa nzima inakuja nayo. Utalala chini yake mpaka Kiyama."

Alikuwa fundi Anyelwisye, mzee mwenye vidole vilivyoliwa na saruji, aliyelijenga jengo lile kwa mikono yake mwaka 1987. Injinia Sunday aliitazama dari, akaitazama nguzo, kisha akaiteremsha nyundo taratibu na kuilaza chini. Cheo chake kilishuka nayo.

"Shuka!" Zahoro alimgeuzia kibao mzee. "Umefukuzwa! Mawazo ya matope ndiyo yanayotuchelewesha mji huu!"

Anyelwisye alishuka. Alikusanya mwiko wake na timazi yake, akavuka barabara. Upande wa pili, mbele ya kiduka chake cha ukuta mweupe, alikuwa ameketi mzee Abdulrahim, jirani yao wa miaka yote, mtu mpole asiyekuwa na wateja wala maneno mengi.

"Fundi," alisema Abdulrahim, "kwa kuwa umepata nafasi, njoo unikwangulie ukuta wangu. Nami nataka uso mpya. Wangu wa chokaa tu."

Watu walicheka. Zahoro alicheka kuwazidi wote, kisha akamgeukia dada yake akiwa na tabasamu la mtu aliyepata wazo. Naila alilijua tabasamu lile tangu utotoni na hakuwahi kuona jambo la maana likitoka nyuma yake.

"Haya. Hatubomoi," alisema Zahoro. "Tunafunika."

"Unafunika nini?"

"Vyote. Nguzo, ukuta, baraza. Na yule mnyama wako."

Hapo Naila aliondoka kwenye nguzo, kwa maana pigo lilikuwa limempata tayari.

Mnyama mwenyewe ni huyu. Juu ya baraza, ukubwa wa kitanda cha watu wawili, alichorwa fahali mwekundu aliyeinamisha kichwa, pembe ya kushoto imepinda kuelekea chini. Marehemu Uledi alipenda kusimulia kuwa mchoraji alipofika kwenye pembe, yeye Uledi alipiga chafya, yule bwana akashtuka na brashi ikamponyoka. Naila alikuwa akicheka kisa kile tangu ana miaka kumi. Baba alipofariki, pembe ile ndiyo aliyoitazama kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Na fahali hakuwa pambo. Duka liliuza plau, minyororo, chumvi ya mifugo na dawa za kupe. Wafugaji wa bondeni Momba walikuja kabla ya mvua kununua vya kijiji kizima, na wengi wao hawakusoma kibao wala hawakutaka. Waliambiana huko huko mabomani: fika Tunduma, tafuta Fahali. Baba alimwambia mwana, mwana akamtuma mdogo wake. Jina la Uledi hawakulijua. Walimjua ng'ombe wake.

Zahoro alilijua jambo hili vizuri sana na lilimkera vizuri sana.

"Sitaki watu wanaonuka maziwa kwenye marumaru yangu," alisema siku ile walipofikishana kwa shehe wa msikiti wa sokoni.

"Hao wanaonuka maziwa ndio waliokusomesha," alijibu Naila.

Shehe, ambaye alikuwa na funga ya sunna na hakutaka kelele, aliwakata maneno. Kwa mirathi jengo ni lenu nyote wawili, alisema, kwa hiyo pimeni kwa macho. Wafunike, wafungue, na Jumamosi ya kwanza wangoje mpaka adhana ya alasiri. Wateja wakiingia, Naila aliachie duka ahamie nyumba ya Chapwa na asirudi na neno. Wasipoingia, vioo vishuke na fahali arudi kuona jua. Naila alitiwa sharti moja: akae nyuma ya kaunta yake, asitoke nje kumwita mteja.

Wote wawili wakakubali. Miaka ishirini ya maisha ya Naila ikawekwa kwenye siku moja.

Jumamosi yenyewe ikafika na maputo.

Palikuwa na spika mbili kubwa kama makabati. Palikuwa na mshereheshaji aliyesema "mambo makubwa" mara arobaini. Palikuwa na diwani wa kukata utepe aliyechelewa, akaukata, akaondoka na mkasi. Juu, kwa herufi za dhahabu zilizovuka mpaka kutoka Lusaka, paliandikwa ZAHORO PLAZA. Jina la baba halikuonekana popote. Nguzo ya kati ilikuwa imevikwa vibao vya alumini ikasimama pale mlangoni kama bibi harusi asiyetaka kuolewa.

Na watu wakaja, msomaji. Wallahi walikuja!

Walikuja kujitazama.

Vile vioo, ukiwa nje unajiona wewe, ukiwa ndani unamwona kila mtu. Naila, peke yake kati ya plau zake, kaunta ikiwa imegusana na kioo, alitazama Tunduma nzima ikimjia usoni. Wabadilisha fedha walichokonoa meno mbele yake. Dereva wa lori alivuta tumbo ndani, akageuka ubavu, akaliachia. Wasichana wawili walipaka rangi ya mdomo wakiwa shibri moja kutoka puani kwake. Mwanamume mmoja aliyevaa kanzu alijikagua nywele za puani kwa utulivu mkubwa kisha akaenda zake.

Hakuna aliyeingia.

"Mnaogopa nini? Karibuni!" Zahoro aliita kutoka mlangoni.

"Ni benki?" aliuliza mama mmoja mwenye beseni.

"Si benki. Ni duka!"

"La nani?"

"Langu!"

Mama alivua kandambili, akaweka mguu mmoja kwenye marumaru, akauona uchafu wa unyayo wake, akaurudisha mguu. "Tutakuja siku nyingine tukiwa tumejiandaa," alisema, akavaa kandambili.

Naila aliziba mdomo kwa khanga asisikike. Ee Mola, Guangzhou imefika Tunduma na haina wa kuifungulia mlango! Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Zahoro alikuwa amevua koti, halafu tai, halafu tabasamu.

Saa nane na nusu ilisimama pikapu ya vumbi, na Naila akaacha kucheka.

Alishuka Jilala, kofia pana kichwani na fimbo mkononi, na nyuma yake Bugalama, shemeji yake. Kwa miaka kumi na tano wawili hawa walikuwa wakija kutoka bondeni kwa niaba ya vijiji vitatu. Kila mwaka Jilala alimletea Naila kibuyu cha samli na kumwita mwanangu. Kibuyu alikuwa nacho.

Walipita mbele ya vioo kuelekea mpakani. Wakarudi. Wakapita tena.

"Ni hapa," alisema Bugalama.

"Si hapa. Hapa pana bluu."

Jilala alikuja mpaka kwenye kioo, akasimama uso kwa uso na Naila bila kumwona. Mzee aliirekebisha kofia yake, akasogeza kichwa karibu, akaweka kiganja juu ya macho ajaribu kuona ndani. Naila aliinua mkono. Kisha akalikumbuka sharti la shehe, akaushusha.

Hebu nimseme Naila bila kumpamba. Neno moja tu, "Baba Jilala!", na mzee angeingia. Lakini akiingia Zahoro ameshinda. Akikaa kimya, ameshinda yeye. Alikaa kimya, na moyo ulimuuma mpaka akaegemea kaunta.

"Wewe mzee!" Zahoro alikuja mbio. "Usishike kioo! Mafuta hayo!"

"Samahani, kijana," alisema Jilala. "Sisi tunatafuta Fahali."

"Fahali? Nendeni mnadani."

"Duka la Fahali. Lilikuwa maeneo haya haya."

Sasa mwulize mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu nini. Mteja anayetaka plau za vijiji vitatu amesimama mlangoni kwako anauliza duka lako. Zahoro alimtazama kuanzia kwenye kofia mpaka kwenye makatambuga, akakunja pua.

"Hapa ni plaza, mzee. Duka la ng'ombe halipo."

Naila alifumba macho. Alikuwa ameshinda! Nusu saa tu ipite, adhana itoke, vioo vishuke. Kesho angepanda pikipiki mpaka bondeni, angemfuata Jilala bomani, angemwomba radhi kwa magoti. Mtu kama Zahoro alimtosha kwa adui, hata ilikuwa aibu kumwita adui mtu mwepesi kiasi kile.

Alipofumbua macho, Jilala alikuwa amegeuka na anaelekeza fimbo ng'ambo ya barabara.

"Si yule pale!" alisema mzee, na uso wake wote ulicheka.

Naila alitazama ilikoelekea fimbo.

Kwenye ukuta wa mzee Abdulrahim, juu ya mlango, mahali ambapo asubuhi palikuwa na chokaa tupu, alisimama fahali mwekundu. Kichwa kimeinama. Pembe ya kushoto imepinda kuelekea chini.

Jilala na Bugalama walivuka barabara. Nyuma yao mwingine, na mwingine, watu wa bondeni waliokuwa wakizunguka tangu asubuhi kama kuku walioharibiwa banda. Mama wa beseni naye akavuka. Kiduka kile kilichokuwa kikinuka upweke kilijaa mpaka nje.

Naila aliliruka sharti la shehe. Alitoka kwa hasira, akampita Zahoro aliyeachama mdomo, akavuka bila kuangalia magari.

"Mzee Abdulrahim! Na heshima zako zote! Umeona tumefunika, ukamwiba ng'ombe wa baba yangu?"

Kelele zilikatika. Abdulrahim aliinuka kutoka kitini, akaweka tasbihi yake mfukoni.

"Aleykum salaam, Naila," alisema.

"Nani amechora? Nimtazame usoni!"

"Hakuna aliyechora, mwanangu."

Ni fundi Anyelwisye aliyesema. Alikuwa kwenye ngazi, kikwangulio mkononi, kichwa cheupe kwa vumbi la chokaa. Vipande vya chokaa vilikuwa vimejaa chini ya ukuta, safu juu ya safu, nene kama maganda ya mti.

"Gusa," alisema.

Naila aligusa. Rangi haikuwa mbichi. Ilikuwa kavu, kuukuu, imepasuka nyufa ndogo ndogo, na chokaa ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye miguu ya nyuma ambayo fundi alikuwa hajaifikia. Chini ya kwato, kwa herufi za mkono, paliandikwa mwaka. 1985.

Fahali wa baba yake alichorwa 1987.

"Haiwezekani," alisema Naila. "Pembe ile... baba alipiga chafya..."

"Fahali huyu alikuwa hai," alisema Abdulrahim kwa upole uliomchoma kuliko tusi. "Alikuwa wetu, mimi na mdogo wangu. Pembe aliivunja ikapinda tukimshusha kwenye lori pale pale ulipo. Mdogo wangu ndiye aliyemchora, alikuwa na mkono mzuri. Mwaka wa themanini na saba akavuka kwenda Kitwe kutafuta mali, asirudi. Nikaenda kumtafuta miezi miwili, sikumpata. Niliporudi nilikuta ukuta wangu mweupe, na fahali amehamia kwenu."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Aliyejua kuchora ndiye aliyepotea. Sikuwa na moyo."

Jilala alikuwa mlangoni na kibuyu chake. "Marehemu baba yangu alikuwa akisema Fahali yuko kushoto ukitoka mpakani," alisema polepole. "Sisi tukimwambia mzee umesahau, yuko kulia. Kumbe."

Akampa Abdulrahim kibuyu cha samli.

Naila aliutoa mkono wake ukutani. Siku zote hizi alikuwa akimdharau Zahoro kwa kufunika kitu cha watu na kukiita chake. Siku zote hizi alikuwa akisema mbele ya kila mtu kuwa huyu mtoto sijui alitoka wapi, kwa baba hakutoka. Sasa alijua alitoka wapi.

"Nani aliupaka chokaa?" aliuliza. Alitamani asijibiwe.

Anyelwisye alishuka ngazi, kipandio kimoja kimoja. "Mimi," alisema. "Kwa agizo la baba yako. Nilikuwa fundi wake, nilikuwa namjengea ghorofa. Na wiki hii nilijua nilichokuwa nakwangua. Nimezeeka, binti Uledi, sitaki kwenda nacho kaburini."

Hapo mlio ulitoka ng'ambo ya barabara.

Du!

Wote waligeuka. Zahoro, shati limeloa na macho yamemtoka, alikuwa anang'oa vibao vya alumini mlangoni kwa mikono yake. "Ni nguzo!" alikuwa anapiga kelele. "Watu hawaingii kwa sababu ya nguzo! Imeziba mlango! Sunday, piga!" Na kwa kuwa safari hii hapakuwa na mwanamke wa kujiweka katikati, Sunday alipata tena cheo chake, akainua nyundo.

Du!

"Watakufa!" Naila alipiga ukelele. "Fundi, waambie! Ghorofa itawaangukia!"

Lakini Anyelwisye alikuwa ameangusha kikwangulio, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya ile chokaa.

"Haitaanguka," alisema. "Nguzo ile haibebi kitu. Niliiweka mwisho, ghorofa ikiwa imesimama tayari. Nilidanganya ili wasiifungue."

Abdulrahim alimgeukia. "Wasifungue nini, Anyelwisye?"

Fundi alikaa chini kwenye vumbi lake.

Du! Safari hii plasta ilishuka yote. Kioo kimoja cha bluu kilidondoka kutoka juu na kuvunjika, na ule umati uliokuwa umekataa mlango wa Zahoro siku nzima sasa uliukimbilia kwa kusukumana, wakakanyaga marumaru kwa matope yao, kila mmoja anataka kuona. Adhana ya alasiri ilikuwa haijatoka. Kwa maneno ya shehe, wateja walikuwa wameingia. Naila alilijua hilo akiwa amesimama palepale.

Halafu umati ulianza kutoka. Haukusukumana. Walitoka mmoja mmoja, na mama wa beseni, uso kaufunika kwa khanga, alikuwa akinong'ona, "Mifupa ya mtu!"

Wa mwisho kuonekana mlangoni alikuwa Zahoro. Hakuwa na sauti ya Guangzhou. Alikuwa na sauti ya miaka ileile ambayo Naila alimshika mkono kumvusha barabara hii hii.

"Dada," aliita. "Dada Naila, njoo. Na umwambie mzee Abdulrahim asije."

Lakini mzee Abdulrahim alikuwa ameshachukua bakora yake, na alikuwa tayari katikati ya barabara.